Sahani ya Arobaini

Ukitaka kumjua wifi yangu Agnella, nenda kwenye mashine za kukoboa mpunga pale Kibaoni, uliza mpeta mchele asiyenyamaza. Utaonyeshwa mwanamke mfupi, kitambaa cha kichwani kimejaa vumbi la pumba, ungo mikononi na mdomo unakwenda kasi kuliko ungo. Ana miaka hamsini na sita. Siku naolewa na kaka yake Evod, alinisimamisha mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kaka, ndiye huyu? Kwani mwaka huu mpunga umekosa bei?" Nami bibi harusi mzima, na shela langu, nikamjibu hapo hapo: "Na wewe ndiye wifi? Nilidhani wameegesha kinu." Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile tumepatana, miaka ishirini na tisa.

Mimi naitwa Digna. Nimeanza na hayo ili mjue kwamba nampenda, maana haya yanayofuata hayaonyeshi hivyo. Msinikatize, na anayetaka kunihukumu asubiri nimalize.

Agnella alijaliwa mtoto mmoja tu, Beno. Baba yake Beno alikwenda Mlimba kutafuta shamba, akapata na mke huko huko, habari zake zikaishia hapo. Kijana akalelewa na ungo. Alipokua akawa dereva wa bodaboda, mcheshi, mlaji. Mchana anapita kwangu, "Anti shikamoo, umepika nini?" anakula, halafu anakwenda kwa mama yake kula tena. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi, lori la mpunga lilimgonga akitoka ng'ambo ya daraja. Lori halikusimama. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Tulimzika kwenye makaburi ya ukoo, kule chini karibu na Kivukoni. Sasa sisi, watu tuliotokea upande wa Mahenge, kwenye ukoo wetu mtu akizikwa sahani yake inamfuata. Ile aliyokuwa akilia chakula kila siku, ya bati, inatobolewa kwa msumari halafu inawekwa kichwani mwa kaburi. Inatobolewa ili asitokee mtu wa kuitamani, na ili marehemu naye ajue kwamba kwenye chungu cha nyumbani ameshaagwa. Padre huwa anaguna, lakini anapita. Na anayetoboa ni mama mzazi, kama yupo.

Agnella alipewa nyundo na msumari. Alipiga mara ya kwanza pembeni, mara ya pili pembeni, mara ya tatu ndipo akapata katikati. Sahani ya Beno, nyeupe yenye ukingo wa bluu, ikawa na matundu matatu. Ukoo mzima hakuna kaburi lingine lenye sahani ya matundu matatu. Nilikuwa nimemshika mabega, nilihesabu.

Masika iliyofuata yakaja mafuriko. Maji yaliingia Ifakara mpaka watu wakapita na mitumbwi panapopita bajaji. Agnella alikuwa amechukuliwa na ndugu kwenda Mahenge mara tu baada ya mazishi, maana tangu msiba alikuwa hali vizuri, halali. Mimi nilibaki na nyumba yangu iliyozama mpaka madirishani, vyombo vyote vikaondoka na maji, mume wangu yuko Kidatu kwenye miwa.

Maji yalipopungua akaja dada mmoja kutoka Dar, anaitwa Gladness, akapanga chumba kwenye nyumba ya wageni jirani na kwangu. Akasema yeye ni msanii. Anatafuta sahani za bati, za zamani, zilizochoka, na zikiwa zimechoka zaidi ndivyo anavyozitaka zaidi. Anataka arobaini. Atakayempatia, atampa seti nzima ya sufuria mpya, zile saba za kuingiliana, na mifuniko yake. Nilimwona ni kichaa mwenye nauli. Lakini sufuria niliziona kwa macho yangu, zimepangwa kitandani kwake, zinang'aa. Mimi wakati huo nilikuwa napikia kwenye kopo la maziwa.

Nikachukua kiroba, nikaenda makaburini. Mchana kweupe. Hakukuwa na mtu, kulikuwa na matope na mainzi tu. Maji yalikuwa yamesawazisha kila kitu. Misalaba imekwenda, vilima vimekwenda, ardhi imelala kama mkeka uliotandazwa. Sahani zilikuwa zimezagaa, nyingine kwenye miiba, nyingine zimefukiwa nusu, huwezi kujua ipi ya nani. Hizo niliziokota. Hata mbele ya Mungu nitajitetea kwa hizo, zilikuwa zimeshang'olewa. Nilihesabu kiroba changu mara mbili. Thelathini na tisa.

Ya arobaini ilikuwa ya Beno. Yenyewe haikuwa imesogea. Pale alipozikwa pana kisiki cha mkuyu, hatua sita upande wa mto, na mizizi yake ilikuwa imeshika udongo, sahani ikabaki imesimama kichwani mwa kaburi vile vile alivyoichomeka mama yake. Matundu matatu. Nilisimama pale muda wa kutosha kusali Baba Yetu moja. Sikuisali. Niliinama, nikaing'oa.

Dada Gladness alifurahi mno. Akainua moja juu, akatazama mwanga kupitia tundu, akaniuliza, "Mama, kwa nini zote zimetoboka?" Ningemwambia ukweli asingezigusa. Nikamwambia, "Umaskini, mwanangu. Watu wanalia sahani hiyo hiyo miaka na miaka mpaka inatoboka." Machozi yakamlenga, akaandika kwenye daftari lake. Mimi nikabeba sufuria zangu nyumbani.

Agnella aliporudi kutoka Mahenge alikwenda makaburini kabla hata ya kufungua mlango wake. Akakuta tambarare. Akaja kwangu na matope mpaka magotini. "Wifi, sahani ya Beno umeiona?" Nikamwambia, "Maji, wifi yangu. Maji yamechukua vyote." Mto hauna mdomo wa kujitetea. Akalia, nikalia naye. Halafu nikampikia chai kwenye sufuria mpya.

Sasa elewa shida yake. Hakuwa anatafuta sahani. Alikuwa anatafuta mahali. Bila ile sahani hakujua tena mtoto wake amelala wapi, maana majani yaliota juu ya ule udongo mpya, na visiki viko vingi, na siku ya mazishi alikuwa anaburutwa, haoni mbele wala nyuma. Waliochimba kaburi nao kila mmoja alimwonyesha mahali pake. Kila Jumapili baada ya misa anachukua jembe anashuka Kivukoni kupalilia anapodhani ndipo. Alisafisha mahali pamoja miezi miwili, akapanda na maua, kumbe ni kaburi la Mzee Fulgensi. Watoto wa mzee wakaja juu, wakang'oa maua, wakamwambia akome kumlilia baba yao. Kwenye mashine wakaanza kumtania: mama mpalilia wafu wa watu. Yeye asiyeshindwa na mtu alikuwa anainamisha kichwa anaendelea kupeta.

Na mimi nilikuwa najua. Hatua sita kutoka kisiki cha mkuyu, upande wa mto. Ni sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ina mkia: umejuaje? Basi nikanyamaza mwaka mzima na miezi.

Mwaka jana mwezi wa nane akina mama wa kigango chetu tukaenda hija pwani. Mwenyekiti wetu, Mama Konsolata, alikodi Coaster, tukaondoka alfajiri, tukasali rozari mpaka sauti zikakauka. Mji tuliofikia siutaji, wasije wakaniita shahidi. Siku ya pili, tumeshamaliza misa, Mama Konsolata akatangaza kwamba kabla ya kurudi tutaona ngome ya kale. Imekuwa jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa, na mahujaji wanaingia bure.

Bure! Mngewaona walivyoteremka.

Getini palikuwa pametundikwa turubai kubwa lenye picha. Nilikuwa wa tatu kushuka. Nikainua macho, nikaona sahani za bati zinaning'inia hewani, ukingo wa bluu, ukingo wa kijani, na chini yake neno moja kubwa: NJAA. Nilimshika Agnella mkono kabla hajavaa miwani yake.

"Wifi, tumbo linanisokota. Turudi garini."

"Choo kile pale."

"Si la choo."

"Basi si tumbo. Digna, nimekaa kwenye gari siku nzima, miguu imevimba kama mihogo, nimekuja kuona ngome, nitaiona. Wewe baki na tumbo lako."

Ningebaki? Thubutu. Nikamfuata.

Ngome yenyewe ina kuta nene za mawe ya matumbawe na mizinga miwili imeelekezwa baharini. Alitupokea kijana mwongozaji, mstaarabu, suruali imembana. Akatueleza kwamba ngome ilijengwa kuzuia maadui, baadaye ikawa gereza, na sasa ni ya sanaa. Agnella akamuuliza, "Na wafungwa mmewapeleka wapi?" Wenzetu wakacheka. Chumba cha kwanza kilikuwa na rundo la kandambili kuukuu, limefika dari. Agnella akavua zake mlangoni, akasema, "Samahani, sikujua kuna msiba." Chumba cha pili kulikuwa na televisheni inaonyesha mwanamume anaosha ukuta. Anaosha tu. Tukasubiri labda kitatokea kitu. Kijana akasema video ile inachukua saa nne nzima. "Saa nne!" Agnella akasema. "Nipe namba yake, nina sufuria zimeungua." Akacheka kile kicheko cha zamani, cha kukaa chini. Tangu tumzike Beno sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Na mimi nikamchukia kwa kicheko kile, mnajua? Nilikuwa nimemzoea analia.

Wengine walichoka, wakatoka nje kununua madafu. Nikamwambia na sisi tutoke. Kijana, Mungu amsamehe, akasema, "Mama zangu, bado kimoja, ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Huku chini kwenye ghala la baruti." Agnella alikuwa ameshashika ngazi.

Kilikuwa chumba kirefu chenye dari ya chini, giza, na joto. Sahani zilining'inia kwa nyaya nyembamba, usawa wa uso wa mtu, na nyuma ya kila moja kuna taa ndogo, mwanga unapita kwenye tundu unaanguka sakafuni. Wazungu watatu na wasichana wa chuo walikuwa wanapita katikati wakinong'ona. Kijana akaanza kusema kwa ile sauti yao ya kukariri: hizi ni sahani halisi za familia za bonde la Kilombero, wamezilia vizazi na vizazi mpaka zikatoboka, kila tundu ni mlo uliokosekana. Wasichana wakashika vifua.

"Njaa gani?" Agnella akasema. Bado hakuwa ameelewa, alikuwa amekasirika tu. "Kijana, Kilombero! Mchele unaokula wewe unatoka wapi? Njaa gani unayoisema?" Halafu akasogea kwenye sahani moja, akaitazama, akasogea kwenye nyingine. Sauti ikashuka. "Hizi si za makaburini?"

"Wifi, sahani za bati zimejaa duniani," nikasema. "Twende, gari litatuacha."

Hakunisikia. Alikuwa anakwenda moja baada ya nyingine, anagusa sakafu kwa macho, anatazama ule mwanga. Mimi nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa ya mwisho, peke yake ukutani, ndiyo wameipa heshima, maana yenyewe inatoa mianga mitatu. Nilijisogeza nikasimama mbele yake. Mtu mzima, nakinga sahani kwa mgongo. Agnella akafika, akatazama miguu yangu, akaona mianga mitatu imenipita ubavuni imeanguka sakafuni. Akanisukuma kando kama anasukuma pazia.

Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye tundu la kwanza, kwenye la pili, kwenye la tatu. Akasema, "Hapa nilikosea. Na hapa nilikosea. Hapa ndipo nilipata." Halafu akaikumbatia, na waya wake, na taa yake, akaanza kuivuta.

Kengele ikalia. Mlinzi akateremka mbio, mwanamke mnene wa makamo, akamkamata mikono. "Mama, hairuhusiwi kugusa!" Agnella akapiga magoti, hakuiachia. "Ya mwanangu hii. Iko kichwani mwa mwanangu. Ninyi mmeitoa wapi?" Akaanza kulia kile kilio cha msibani, cha kuita jina. Beno wee, Beno. Ghala lile linarudisha sauti, nikasikia Beno ikitoka kila kona.

Na wale wageni wakapiga makofi. Naapa. Taratibu, kwa adabu, kama wanavyopiga kwenye maonyesho. Walidhani ni sehemu ya sanaa. Msichana mmoja alikuwa anafuta machozi huku anarekodi na simu. Kijana mwongozaji akawa anawaambia kwa Kiingereza hapana, hapana, nao wakazidi kupiga. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, najisemea moyoni: kama kuna mtu wa kusema, Digna, ni sasa. Nikatazama viatu vyangu.

Walimtoa nje juani, wakamkalisha kwenye kivuli cha mzinga, wakaandika jina lake kwenye daftari la matukio. Sahani ilibaki. Agnella alipopata pumzi akamshika kijana mkono, na sasa hakuwa anagomba, alikuwa anabembeleza, yule Agnella.

"Mwanangu, sahani kaeni nayo. Siitaki. Niambie tu nani aliwaletea. Aliyeing'oa anajua mahali ilipokuwa. Sitampeleka polisi, sitamtukana. Anionyeshe tu mahali."

Kijana akaenda kusoma maandishi, akarudi. "Imeandikwa tu kwamba zilikusanywa kwa msaada wa wanajamii wa Kibaoni. Lakini ninayo namba ya msanii mwenyewe. Yeye atakuwa anakumbuka." Akaiandika kwenye karatasi. Macho ya Agnella yalikuwa yamevimba, haoni. Akanipa mimi.

"Shika wifi. Wewe ndiye mjuzi wa mambo ya simu."

Ile karatasi niliitupa dirishani pale Mikumi, kwenye nyani. Watu wote walikuwa upande wa pili wanatazama twiga. Tulipofika nyumbani nikamwambia nimepiga, hapatikani. Kesho yake, hapatikani. Wiki mbili nikawa nasimama mbele yake na simu sikioni, nimepiga namba isiyokuwepo, namsikilizisha yule dada wa mtandao. "Unasikia? Hapatikani."

Ndipo akasimama kwenye jumuiya. Ilikuwa siku ya kusali nyumbani kwa Mama Konsolata, tumejaa mpaka barazani. Akawaeleza habari ya ngome, kwamba sahani za wafu wetu zimetundikwa kule, na aliyezichukua ni mtu wa hapa hapa, labda yumo humu. Watu wakaguna, wakalaani. Yeye akawanyamazisha. "Msilaani. Mimi nimeshamsamehe. Aje tu aniambie ni wapi. Hata kama haya zinamzidi, achomeke fimbo pale, nitaikuta Jumapili. Sitamtafuta ni nani." Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Nikaitikia na wenzangu, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Fimbo niliifikiria, msidhani sikuifikiria. Lakini pale makaburini siku hizi watu wanalima jirani, kila anayepita anaonekana. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni mwingine, na nimeshaanza kuusema kwa hiyo niumalize: fimbo haishukuriwi. Mimi nilitaka nimpe mtoto wake kwa mkono wangu, anikumbatie, aniambie ahsante wifi. Nilitaka niwe mwema.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikaenda kwake. Nilimkuta uani, ungo uko chini, hapeti. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Nikakaa, nikajifuta jasho, nikamwambia: "Wifi, usiku nimemwota Beno."

Akageuka.

"Amekuja amevaa lile shati la njano. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka Kivukoni, pale kwenye kisiki cha mkuyu. Akahesabu hatua sita kuelekea mto. Akasema, anti, mwambie mama niko hapa."

Mwanamke asiyenyamaza alichukua jembe, akatangulia. Njia nzima alikuwa mbele yangu na hakugeuka mara moja. Tulipofika alihesabu hatua mwenyewe, akaanza kufyeka, akachimba kidogo, kidogo tu, kama mtu anayefukunyua viazi asivikate. Akafikia kipande cha mbao, kina rangi nyeupe iliyobanduka. Kilikuwa kitako cha msalaba kilichovunjika na maji, na bado kilikuwa na B yake na nusu ya E. Akakishika.

Nikangoja. Nilikuwa nimeshafungua mikono, nakwambieni kweli, nimeshaifungua.

"Amekuja kwako," Agnella akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Siku zote hizi namwita. Nalala na shati lake la njano, unalijua, liko chini ya mto wangu. Nimefunga novena tatu. Nimemwambia mwanangu njoo hata nusu usingizi, hata nisikuone, nisikie tu pikipiki. Hajaja. Hata mara moja hajaja." Alikuwa anasema polepole, anatazama ule ubao. "Akapita mlangoni kwangu, akaja kwako. Nimemkosea nini, Digna? Nilimkosea nini mtoto huyu?"

Mdomo ulifunguka. Sentensi ilikuwa pale pale, hajaja kwangu wifi, ni mimi niliyeing'oa. Nikauona uso wake, nikaona jinsi utakavyobadilika, nikazikumbuka na zile sufuria nilizompikia chai. Mdomo ukajifunga.

Akaurudisha ubao shimoni, akausimamisha, akausindilia udongo kwa viganja. Halafu akasimama, akanipa jembe. "Palilia wewe. Ndiye uliyeitwa." Akaondoka, akaniacha pale.

Tangu siku ile hajakanyaga Kivukoni. Amerudi kwenye mashine, anapeta, hasemi na mtu. Mimi ndiye nashuka kila Jumapili na jembe. Watu wamepata habari, nimekuwa mtu mkubwa: wenye makaburi yaliyopotea wanakuja mlangoni, wananiletea kuku, Mama Digna na sisi tuotee. Kwa padre sijaenda kuungama, kwa sababu ninajua atakachoniambia nikafanye. Mara kumi nimetoka nyumbani nimeazimia kumwambia Agnella, mara kumi nimeishia kumsaidia kufunga magunia.

Na kila Jumamosi jioni, akitoka kazini, anapita kwangu. Haingii. Anasimama pale pale mlangoni alipokuwa akisimama Beno kuuliza nimepika nini, pumba nywele nzima, hanitanii tena kwa bei ya mpunga wala kwa chochote.

"Amekuja?"

"Bado, wifi."

"Akija, mwambie mama yake anaomba msamaha."

"Nitamwambia," namjibu.